Ordinatere inachelewa? Okoa dosie kwanza, kisha uliza disiki

Ndugu wafanyakazi, mama wa nyumba na vijana wa kambi, dosie ya mufanyakazi inaweza kupotea namna nyingi. Karatasi inakuliwa na muchwa, inalowana na mvua, ao siku ya kuhama sanduku inabaki njiani. Njo maana komite za sendika zimeanza kuweka dosie ndani ya ordinatere: kontra ya kazi, fishi za malipo, barua ya kuachishwa kazi, karatasi za munganga juu ya kifua na masikio. Lakini ordinatere nayo inazeeka, na mara nyingi inaonyesha ugonjwa wake kwa namna moja tu: inakuwa polepole. Leo tunaongea juu ya ile polepole.

Tunaongea juu yake sababu tumeona watu wanatupa mashini yenye ingetumika tena miaka mingi. Na tumeona wengine wanaendelea kuisukuma mpaka siku disiki inakufa na majina yote ndani. Mwaka huu mashini tatu zimepita mu mikono ya komite yetu. Wenye zote tatu walikuwa na neno moja: "Inachelewa sana." Kumbe kila moja ilikuwa na ugonjwa wake. Moja disiki yake ilikuwa inakufa. Ingine ilikuwa na waya mubaya. Ya tatu haikuwa hata na shida ya disiki. Na kwa zote tatu, mutu fulani alikuwa amekwisha kusema dawa ni moja: nunua disiki mupya, ao formate yote uanze tena. Kama tungemusikia, pesa ingepotea mara mbili bure, na mara moja dosie za watu zingepotea kabisa.

Juu ya nini Linux

Mashini zote tatu zinatumika na Linux. Kwa wale wasiojua: Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati alikuwa mwanafunzi kule Helsinki, Finland. Tangu pale watu elfu na elfu wa dunia wanaendelea kuijenga, na mutu yeyote anaweza kuichukua pasipo kulipa. Debian, Ubuntu na zingine ni namna mbalimbali za kuifungasha. Sisi tuliichagua juu ya sababu rahisi: mashini zetu ni za zamani, hatuna pesa ya lisansi, na virusi za flashi zenye zinatoka mu maduka ya fotokopi haziisumbui sana.

Kuko na sababu ingine. Linux haifichi. Ukiiuliza namna gani disiki inatumika, inakujibu kwa nambari, sawa manometre ya pompi. Mutu wa pompi hasemi "naona kama presio inashuka". Anasoma mushale, anaandika mu kaye. Na sisi tunataka wafanyakazi wasome mushale wa mashini yao wenyewe, mbele mutu wa mujini hajawauzia kitu.

Mule ndani kuko nini

Disiki ngumu, ile reparatere anaita disque dur, ni sahani moja ao mbili zenye zinazunguka mara 5 400 ao 7 200 kwa dakika. Juu ya sahani kuko ngozi nyembamba ya sumaku, na ile ngozi ni muchanganyiko wa kobalti na madini ingine kama krome na platini. Waya za mota yake ni shaba. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote yenye inachimbwa duniani. Kwa hiyo tusiogope ile kisanduku sawa ni kitu cha wazungu peke yao. Jasho ya huku kwetu inaweza kuwa mule ndani pia.

Lakini musiifungue. Kichwa chenye kinasoma kinapita juu ya sahani karibu sana, kuliko hata unene wa chembe ya vumbi. Mu mavumbi yetu, disiki yenye ilifunguliwa mu nyumba haidumu.

Wale walitumika chini ya udongo watafahamu mbio ya disiki kwa mufano wa kaji, ile inashusha na kupandisha watu mu shimo. Kaji ikijaa watu wote wa fasi moja, kazi inaendelea. Lakini kama inapaswa kusimama ku kila nivo juu ya kuchukua mutu mumoja, siku inaisha na watu wako chini. Disiki ni vile. Sahani ya 7 200 inazunguka mara 120 kwa segonde. Muzunguko mumoja ni milisegonde 8 hivi. Ongeza wakati wa mukono kutembea kutoka fasi moja mpaka ingine. Kwa hiyo disiki inaweza kuruka mara mia moja hivi kwa segonde, haiwezi kuzidi sana pale.

Sasa hesabu. Fishie moja mukubwa yenye imepangwa kwa mustari, disiki inaisoma kwa mega 100 kwa segonde na zaidi. Lakini vipande vidogo vya kilo 4 vyenye vimetawanyika, kuruka mara 100 kunaleta kilo 400 tu. Ni disiki moja, yenye afya, na mbio imeshuka mara 250. Njo maana mutu asiseme haraka kama disiki imekufa. Wakati mwingine imetumwa tu ku nivo mingi.

Mbele ya yote: kopi

Mutu akiangukiwa na jiwe mu galeri, hamubaki pale mukiuliza jiwe lilianguka namna gani. Munamupandisha kwanza. Na disiki ni vile: kila kipimo kinaitumikisha, na disiki mugonjwa inaweza kufa mu kipimo. Kwa hiyo, mbele ya kuuliza kitu chochote, chukua disiki ya inje ao flashi, na nakili kwanza vitu vyenye haviwezi kupatikana tena: dosie za watu, liste, barua. Programu usinakili, zitapatikana tena.

Kama fishie zinakataa kufunguka, ao unasikia disiki inagonga tak-tak-tak, usiendelee kunakili kwa namna ya kawaida. Zima mashini. Iwashe na flashi yenye Linux ndani, ili ile disiki mugonjwa isitumikishwe na kitu kingine. SystemRescue ni moja yenye inakuja na vyombo tayari. Kwa Debian ao Ubuntu chombo kinapatikana mu pakiti ya gddrescue. Angalia kwanza majina ya disiki:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,MOUNTPOINT

Soma vizuri ukubwa na modeli. Usichanganye mugonjwa na ile yenye itapokea kopi. Mara nyingi mugonjwa anaitwa sda, lakini si kila mara. Kisha:

sudo ddrescue -d -n /dev/sda /media/kopi/disiki.img /media/kopi/disiki.map

Mu fasi ya /media/kopi mutaandika njia ya disiki yenu ya inje. Hii amri inachukua kwanza vipande vyenye vinasomeka kwa urahisi, na inaacha fasi mbaya ya mwisho. Wakati imemaliza, munarudilia ileile, lakini mu fasi ya -n munaweka -r3, ili ijaribu tena mara tatu ku fasi zenye zilibaki.

Disiki ya inje iwe mukubwa kuliko mugonjwa, na iwe imetayarishwa kwa namna ya ext4. Flashi za FAT32 hazipokei fishie moja yenye inafika giga 4.

Na hii fishie ya .map ni dawa kwa watu wa delestaji. Inaandika pale kazi imefika. Umeme ukikatika saa sita ya usiku, asubuhi munatoa amri ileile, na ddrescue inaanza pale iliishia. Haianzi tena ku mwanzo.

Je, ni disiki kweli?

Sasa tunaweza kuuliza. Fungua terminali, lile dirisha la kuandika amri, na andika:

free -h
vmstat 1

Amri ya kwanza inaonyesha memware, ile RAM. Ya pili inaandika mustari mumoja kila segonde. Angalia kolone tatu. "si" na "so" zinaonyesha vitu vyenye vinatoka mu memware na kupelekwa mu disiki, na kurudishwa. "wa" inaonyesha wakati mashini inakaa bure ikingoja disiki.

Kama si na so zinabaki na nambari kubwa bila kurudi ku zero, memware ni kidogo. Mashini inatumia disiki sawa memware, na disiki ni polepole mara nyingi sana kuliko memware. Njo ilikuwa ugonjwa wa mashini ya tatu, ordinatere ya mukononi ya kijana mumoja mwanafunzi, mutoto wa mufanyakazi mwenzetu. Memware ilikuwa giga 2, na yeye alifungua kurasa za intaneti kumi na tano pamoja. Walimuambia mama yake atafute pesa ya disiki mupya, na mama alikuwa amekwisha kuuliza mukopo ku likelemba. Tuliongeza memware giga 4, tuliondoa ile meza ya mbele yenye uzito, tukaweka Xfce yenye ni nyepesi. Disiki yake ni ileile mpaka leo.

Kama wa inapanda lakini si na so ni zero, uliza nani anatumikisha disiki:

sudo iotop -o

Itakuonyesha jina la programu. Mara nyingi ni kazi ya kawaida: mashini inatafuta mise à jour, ao inapanga majina ya fishie zote kisha kuwashwa. Ngoja nusu saa, angalia tena. Kama imetulia, hakuna mugonjwa.

Je, imejaa?

df -h
df -i

Ya kwanza inaonyesha nafasi, ya pili inaonyesha hesabu ya fishie. Disiki yenye imepita 90 ku mia inaanza kuandika vipande huku na kule, na kaji yetu inasimama ku nivo zote. Tena, ext4 kwa kawaida inaweka 5 ku mia pembeni juu ya mukubwa wa mashini, ule wanaita root. Kwa hiyo mutu wa kawaida anaona imejaa mbele ya kujaa kweli. Mu buro zetu, vyenye vinajaza ni video za mikutano na foto za telefone zenye zimenakiliwa mara tatu. Ondoa hizo. Usianze na dosie.

Uliza disiki yenyewe

Kila disiki ya miaka hii iko na kaye yake ya ndani, inaitwa SMART. Mule inaandika magonjwa yake pasipo mutu kuiomba. Ili kuisoma:

sudo apt install smartmontools
sudo smartctl -a /dev/sda

Inatoka mistari mingi. Usiogope. Soma mitano, kwa nambari zao, na angalia kolone ya mwisho, RAW_VALUE:

Nambari 5, Reallocated_Sector_Ct: sektere zenye zilioza na zilibadilishwa na zingine za akiba.

Nambari 9, Power_On_Hours: saa zenye disiki imetumika. Gawanya kwa 24, utapata siku.

Nambari 197, Current_Pending_Sector: sektere zenye disiki imeshindwa kusoma, bado inangoja.

Nambari 198, Offline_Uncorrectable: zenye imejaribu yenyewe na imekata tamaa.

Nambari 199, UDMA_CRC_Error_Count: makosa ya njiani, kati ya disiki na mashini. Hii tutaongea chini.

Juu kabisa kuko neno PASSED ao FAILED. FAILED maana yake kimbia na kopi leo. Lakini PASSED haitoshi kukutuliza. Ni sawa na karatasi ya munganga wa kampuni yenye inasema "apte" wakati mutu anakohoa usiku wote. Soma nambari.

Mashini ya kwanza, ile ya buro yetu, iliandika PASSED. Lakini ku 197 ilikuwa 48, na kila siku iliongezeka. Na mu kaye ya Linux yenyewe:

sudo dmesg | grep -iE "ata|error"

maneno I/O error yalirudi mara na mara. Hapa njo sababu ya polepole ilionekana. Wakati disiki inafika ku sektere yenye imeoza, haisemi mara moja "nimeshindwa". Inajaribu tena, na tena. Linux nayo, kwa kawaida, inangoja mpaka segonde 30 mbele ya kukata na kuanza tena. Fasi moja mudogo kuliko ncha ya sindano inasimamisha mashini yote, na mutu mbele ya ekra anasema: "Ordinatere imelala."

Haikuwa wakati wa kulala. Mule ndani kulikuwa fishi za malipo za wafanyakazi 31 wenye kampuni moja ya hapa, tunaacha jina lake, iliwaondoa pasipo kuhesabu miaka yao yote ya kazi. Mbele ya mutu kufika ku tribunali, sheria inataka apite kwanza kwa inspektere wa kazi ili wajaribu kupatana, na siku ilikuwa imekwisha kupangwa. Zilibaki siku tisa. Kopi za dosie za zamani zilikuwa kwa delege wa kambi ingine. Lakini zile fishi zilikuwa zimeskaniwa juma lile lile, na wengi walikuwa wamerudi mu vijiji na karatasi zao.

Reparatere mumoja alipita, aliangalia kidogo, alisema: "Bakubwa, njo disiki inachoka. Tuformate, itapata nguvu." Dada mumoja, binti ya mashinisti wa zamani mwenye anasoma informatike, alikuwa pale. Alisema kwa heshima: "Papa delege, musimuache aiguse. Mukiformate, sektere zenye zimeoza zitabaki zimeoza, na vitu vya ba papa vitaenda. Tuzime, tutoe kopi."

Njo tulifanya. Ilichukua usiku tatu, sababu umeme ulikatika mara mbili, lakini ddrescue ilirudilia kila mara pale ilikuwa imefika. Kwa kufungua ile kopi tulitumia:

sudo losetup -r -f -P --show /media/kopi/disiki.img

Inaonyesha jina, kwa mufano /dev/loop0, na mule munafungua dosie pasipo kugusa tena mugonjwa. Kati ya fishie zote, mbili tu zilikataa. Moja ilikuwa tangazo la mukutano wa zamani. Ya pili ilikuwa fishi ya malipo ya papa mumoja wa foraji. Tuliita bibi yake. Alifika na mufuko wa plastiki, karatasi imekunjwa mara ine, safi. Aliiweka chini ya godoro tangu siku ilitolewa. Tuliiskana tena, na siku ya inspektere dosie zote 31 zilikuwa juu ya meza. Ile mashauri inaendelea, hatusemi zaidi. Lakini hakuna mutu aliambiwa "karatasi yako haiko".

Angalisho: kuko amri inaitwa fsck, yenye inatengeneza mupango wa fishie. Ni nzuri ku disiki yenye afya, kisha umeme kukatika. Lakini ku disiki yenye 197 inapanda, musiitumie mbele ya kopi, sababu inaandika juu ya mugonjwa. Na kamwe musiitumie ku disiki yenye inatumika wakati ule.

Waya na umeme

Mashini ya pili ilikuwa ya wenzetu wa Likasi. Ku smartctl, 5 ilikuwa zero, 197 zero, 198 zero. Lakini 199 ilikuwa imepita elfu moja, na siku yenye kufuata ilikuwa imeongezeka. Mu dmesg tulisoma "hard resetting link", na kisha "SATA link up 1.5 Gbps", wakati disiki na mashini zote mbili zinaweza kufanya 3.

Maana yake: sahani ni nzima, njia njo mubaya. Habari inaharibika mu waya, inatumwa tena, na Linux inapunguza mbio ili isipoteze kitu. Ni sawa kamio muzuri ku barabara yenye mashimo. Tulibadilisha waya ya SATA, kitu cha bei ndogo sana, na tulisafisha fasi yenye inaingia. Mbio ilirudi. Mujue: nambari ya 199 haishuki tena, ni kaye ya maisha yote. Kitu cha kuangalia ni kama imeacha kupanda.

Umeme nao ni adui. Kama ile sanduku ya umeme ndani ya mashini ni dhaifu, disiki inakosa nguvu, inasimama, inaanza tena, na mu dmesg mutaona maneno yaleyale ya resetting. Kwa hiyo, kama waya mupya haisaidii, jaribu sanduku ingine ya umeme mbele ya kuhukumu disiki. Na musiwashe buro yote na grupu yenye inapanda na kushuka pasipo stabilizatere. Onduleri mudogo yenye inashika dakika kumi inatosha: dakika kumi ni wakati wa kuzima mashini kwa adabu.

Neno moja juu ya disiki za inje. Mulango wa USB 2 haupitishi zaidi ya mega 30 ao 40 kwa segonde, hata disiki ikiwa mupya. Tafuta mulango wa USB 3, mara nyingi rangi yake ni ya bulu. Pale hakuna ugonjwa, ni mulango mudogo tu.

Kupima mbio

Kisha kopi, na wakati hakuna programu ingine inatumika:

sudo hdparm -t /dev/sda

Fanya mara tatu. Disiki ya ordinatere ya mezani yenye afya inatoa kawaida kati ya mega 80 na 200 kwa segonde. Ya zamani ya mukononi inaweza kuwa chini kidogo. Mashini ya buro yetu ilitoa 9, kisha 41, kisha 6. Ile kurukaruka ya nambari nayo ni alama: disiki muzima inatoa nambari zenye zinafanana.

Andika mu kaye: siku, mbio, nambari 5, 197, 199. Mara moja kwa mwezi inatosha. Nambari moja peke yake haisemi mingi. Nambari sita za miezi sita zinasema yote.

Wakati wa kununua

Kama 5, 197 ao 198 zinapanda, disiki ile isiaminiwe tena na dosie ya mutu. Hakuna programu inatengeneza sahani. Nunua ingine. Mukiweza, chukua SSD. Haina sahani wala mukono. Kwa kuruka haipotezi hata milisegonde moja, na mashini ya miaka kumi inaamuka sawa kijana. Lakini SSD ikikufa, mara nyingi haigongi na haitoi alama. Kwa hiyo kopi zinabaki lazima. Na mukinunua okazio, muombe muuzaji awaache musome smartctl mbele ya kulipa. Akikataa, mumejua.

Nini tunaomba kila kambi

Moja: kila dosie iwe na kopi tatu, ku vyombo viwili mbalimbali, na moja ikae nyumba ingine. Mwizi na moto havichagui.

Mbili: kila komite ichague kijana mumoja, mwanamuke ao mwanaume, mwenye atasoma kaye ya disiki ku mwanzo wa mwezi. Haiombi diplome. Mutu mwenye anaweza kusoma manometre anaweza kusoma smartctl.

Tatu: mutu yeyote akisema "tuformate", muulize kwanza: kopi iko wapi? 197 ni ngapi? 199 ni ngapi? Akiwa fundi wa kweli, atafurahi mumeuliza.

Ine: familia zisitupe karatasi sababu "iko mu ordinatere". Ordinatere inasaidia karatasi, karatasi inasaidia ordinatere.

Mukate huu ukurasa, muubandike ku ukuta karibu na mashini. Mbele ya inspektere, hakuna mutu atauliza ordinatere yenu inatembea mbio gani. Atauliza paka kitu kimoja: miaka yako ya kazi imeandikwa wapi?